Chupa Tupu Yenye Harufu ya Baba

Kinyozi ninayemwendea Bwera ana kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kiti kimoja, kioo kimoja, redio ndogo, na rafu iliyopangwa chupa: spiriti, poda, mafuta ya nywele, na maji ya kunukia ya kupaka baada ya kunyoa. Jumamosi iliyopita, alipokwisha kuninyoa ndevu, alimimina kidogo kiganjani, akasugua viganja, akanipaka kuanzia taya hadi kisogoni. Yaliwasha kama kawaida yake. Nikafumba macho. Kabla sijayafumbua nilikuwa Kilembe, mwaka 1975, mtoto wa miaka minane nimesimama mlangoni mwa nyumba ya kampuni, namsubiri baba amalize kunyoa.

“Pole, mzee. Imekuchoma?” kijana aliuliza alipoona machozi.

Nikamjibu ni spiriti tu. Sikumwambia kweli. Nimekuja kuisema hapa.

Jumamosi ya Kilembe

Kilembe iko takriban kilomita 12 kutoka mji wa Kasese, ukipanda bonde la mto Nyamwamba, miguuni pa milima ya Rwenzori. Uzalishaji wa shaba ulianza hapo mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa na kuchambuliwa kwetu, shaba ghafi ikapakiwa kwenye mabehewa, ikapelekwa kuyeyushwa Jinja. Mgodi na reli ndivyo vilivyoifanya Kasese kuwa mji. Katika kambi yetu ya wafanyakazi jirani mmoja alikuwa Mkonzo, wa pili Mtoro, wa tatu ametoka ng’ambo ya mpaka, Kongo. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuombana chumvi na moto. Ndiyo maana nakiandika hadi leo.

Baba alifanya kazi chini ya ardhi. Aliporudi kutoka zamu, alikuja na harufu ya mgodi: baruti, grisi, na ule ubaridi wa mawe yaliyolowa ambao haukutoka hata akioga kwa sabuni mara mbili. Mama alizianika nguo zake za kazi mbali na nguo zetu. Siku za juma hatukumkaribia sana. Alikula, akalala, akaamka gizani, akaondoka.

Jumamosi mambo yalibadilika. Mama aliinjika birika juu ya sigiri. Baba alitundika kioo kwenye msumari wa mlango, akakoroga povu la sabuni kwenye kikombe cha bati kilichopasuka rangi, akajipaka kwa brashi, akanyoa taratibu huku amevuta shavu kwa vidole viwili. Akijikata, alikuwa na kipande cha shabu cha kuzuia damu. Mwisho kabisa alinyoosha mkono juu ya kabati na kuteremsha chupa nyeupe kama maziwa, yenye picha ya jahazi la matanga. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Alimimina matone machache. Akajipiga mashavuni kwa viganja, pa, pa, akavuta pumzi kwa meno kwa sababu ya ule ukali. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Yaliyobaki mikononi aliyafuta vichwani mwetu. Alianza na dada yangu, akaja kwangu, akamalizia kwa mdogo wetu aliyekuwa bado anatambaa. Usiku huo tulilala sote tukiwa na harufu moja.

Silabi moja

Wenye Kiswahili tuna utajiri ambao hatuuhesabu. Tunasema kitu kinanuka, na kila mtu anaziba pua. Tukiongeza silabi moja tu, kikawa kinanukia, kila mtu anasogea. Mwalimu wa sarufi atakuambia hiyo ni kauli ya kutendea, ileile inayofanya kuleta kuwe kuletea na kupika kuwe kupikia. Kitendo kinapata mtu wa kufanyiwa. Mimi naiona hekima kubwa humo. Harufu mbaya inajitokea yenyewe, haimtafuti mtu. Harufu nzuri ina mtu iliyemkusudia.

Baba alitunukia. Lisome neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza utasikia kwamba alinukia kwetu, sisi watoto wake. Mara ya pili utasikia kitenzi kingine, kutunukia, yaani kumpa mtu tuzo au zawadi kwa heshima. Sijui kama mababu waliounda maneno haya walikusudia yafanane. Ninachojua ni kwamba Jumamosi ile mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Mtu aliyetumwa siku sita na kengele ya mgodi alitumia nusu saa kuiondoa harufu ya kazi ya watu wengine na kuvaa harufu aliyoichagua mwenyewe, kisha akatugawia.

Kwa nini pua haisahau

Wapo wanaodhani haya ni mapenzi ya mtoto kwa baba tu. Sayansi inasema kuna zaidi. Mambo tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza kwenye kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo yasambazwe. Harufu ina njia yake ya mkato. Kutoka puani inafika kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na hapo inaingia karibu moja kwa moja katika amigdala, makao ya hisia kali kama hofu na upendo, na katika maeneo jirani na hipokampasi, yanayohifadhi kumbukumbu. Ndiyo maana harufu hukufikisha mahali kabla hujapata jina la mahali penyewe. Unalia kwanza, unakumbuka baadaye.

Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walieleza familia kubwa ya jeni zinazotuwezesha kunusa, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Kwa kuvichanganya vipokezi hivyo, kama mpiga marimba anavyochanganya vibao, pua hutambua harufu nyingi kuliko maneno tuliyo nayo ya kuzitaja. Janga la UVIKO-19 lilitufundisha thamani ya kipawa hicho kwa kutunyang’anya. Wengi walioamka asubuhi wasisikie harufu ya chai walieleza kwamba walihisi kama wametengwa na nyumba zao wenyewe wakiwa humohumo ndani.

Chupa ilipokwisha

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Maduka mengi ya Kasese yalibadilisha wenyewe, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki wazi. Sabuni, sukari na chumvi vikawa vitu vya kupanga foleni. Uchumi wa magendo ukashamiri. Kahawa ya milima yetu ilivuka usiku kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kupitia njia za Mpondwe, na bidhaa zikarudi kwa njia hizohizo. Katika hali hiyo, nani angeuliza maji ya kupaka baada ya kunyoa?

Chupa ya baba ikaisha. Hakuitupa. Kwa majuma kadhaa aliifungua tu, akainusa, akaifunga, akairudisha juu ya kabati. Mama aliliona hilo, akanyamaza. Siku moja akachukua waragi kidogo, pombe kali ya kwetu, akautia ndani ya chupa, akadondosha karafuu sita na kipande cha mdalasini kutoka kwenye kopo la viungo vya chai. Akaiacha gizani siku kumi. Jumamosi iliyofuata baba alimimina, akajipaka, akasimama kimya mbele ya kioo. Kisha akageuka, akamtazama mama.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwa nini dawa ya mama ilifanya kazi. Chupa ile yenye jahazi ilikuwa Old Spice, iliyoanza kuuzwa kwa wanaume mwaka 1938 na kampuni ya Shulton ya Marekani. Jina lake lina maana ya kiungo cha kale, na wajuzi wa manukato wanapoichambua huutaja mdalasini, vanila, na harufu ya ua la kanesheni. Na harufu hiyo ya kanesheni, watengeneza marashi huiunda kwa eujenoli, dutu ileile iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mama hakuwahi kuingia maabara. Alitumia pua yake na kumbukumbu ya shavu la mumewe.

Karafuu inayozaa vanila

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia karafuu hiyo, nayo imenirudisha nyumbani kwa njia nisiyoitegemea. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifanikiwa kutengeneza vanilini, dutu inayoipa vanila harufu yake, kutokana na mti wa msonobari. Haikuchukua muda viwanda vikagundua njia bora zaidi, ambayo ni kuanza na eujenoli ya mafuta ya karafuu. Kwa miaka mingi, hadi mabaki ya viwanda vya karatasi yalipochukua nafasi hiyo katika miaka ya 1930, harufu ya vanila iliyotiwa katika keki na marashi ya Ulaya ilitokana na karafuu. Na wakati huo hapakuwa na nchi iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja na Pemba. Wachumaji wa Pemba walipanda mikarafuu, wakatandaza karafuu kwenye majamvi juani, na harufu ya jasho lao ikaenda kukaa shavuni mwa mtu wa London ambaye hakujua Pemba iko wapi.

Vanila halisi, kwa upande wake, ni mmea uliokuja kwetu. Asili yake ni Meksiko. Ulipopelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ulichanua bila kuzaa, kwa sababu hapakuwa na mdudu wa kuuchavusha. Aliyeupatia dawa ni mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Kwa kijiti chembamba aliinua ngozi ndogo inayotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akazikutanisha kwa kidole gumba. Dunia nzima inachavusha vanila kwa mkono wa mtoto yule mpaka leo.

Na milima ya Bwera pia. Mgodi wa Kilembe ulipozorota na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baba alirudi kijijini kwenye kahawa ya baba yake. Novemba 1996, waasi wa ADF walipovamia Mpondwe, tulikimbia kama wengine. Baba alibeba jembe na redio. Mama alifunga vyombo katika kitenge, na tulipolifungua furushi kule tulikokimbilia tuliikuta chupa nyeupe katikati ya sahani, imeviringishwa soksi. Hakuna aliyeuliza. Baba alifariki miaka mitatu baadaye. Muda mfupi baadaye bei ya vanila ilipanda, kimbunga kilipoharibu mashamba ya Madagaska, na mama akapanda miche yake ya kwanza ya vanila katikati ya migomba.

Nenda ukaitazame kazi hiyo kabla hujanunua chupa nyingine ya marashi. Ua la vanila hufunguka alfajiri na kunyauka kabla jua halijaenda mbali. Likikosa mkono asubuhi hiyo, limepotea. Mama huamka mapema, anatembea mmea kwa mmea akiwa na mwiba wa mchungwa, anapasua, anainua, anabonyeza. Ua moja, ganda moja. Baada ya hapo ni miezi tisa ya kusubiri, kama mimba. Ganda likichumwa bichi halina harufu yoyote ya maana. Linachovywa katika maji ya moto, linaviringishwa katika blanketi litoe jasho, linaanikwa juani na kufunikwa tena, wiki baada ya wiki, hadi liwe jeusi, laini, linang’aa mafuta. Kilo tano au sita za vanila mbichi ndizo zinazotoa kilo moja iliyokauka.

Bei ilianguka muda mfupi baada ya kupanda, na wengi waling’oa. Ilipopanda tena baada ya mwaka 2015 ulikuja wizi, na watu wakalala mashambani na tochi na mapanga kulinda maganda mabichi. Wengi wa wakulima wetu huuza yakiwa bado kijani. Harufu yenyewe, ile wanayoilipia matajiri, inazaliwa yakiwa yameshaondoka mikononi mwao. Hili ndilo linaloniuma ninapoandika juu ya marashi. Mtu aliyeamka alfajiri anastahili walau kuijua harufu ya kazi yake, na kulipwa kama mtu aliyeitengeneza.

Malasi ya Mpondwe

Siku ya gulio, shuka hadi Mpondwe. Mto Lhubiriha unatenganisha Uganda na Kongo, lakini watu ni wamoja. Bwambale wa huku ni Kambale wa kule, wote wawili ni wavulana wa pili kuzaliwa kwa mama zao. Ukivuka ni Kasindi, na barabara inaendelea hadi Beni na Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaofika Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa. Pale gulioni, kati ya samaki wakavu, maharagwe na vitenge, utakuta vijana wamebeba makasha ya chupa shingoni. Kuna pafyumu za kupuliza zenye majina ya Kifaransa. Kuna uturi wa mafuta katika vichupa vidogo kama kidole, unaopendwa na Waislamu kwa kuwa hauna kileo. Kijana atakukamata mkono, akupulizie nyuma ya kiganja, na kukuomba utembee kwanza, urudi baadaye. Anajua kazi yake. Harufu ya dakika ya kwanza ni ya spiriti na ndimu, na inaruka. Itakayobaki baada ya saa moja, ile ya vanila na miti, ndiyo utakayoishi nayo.

Wakongo wanaozungumza Kilingala huyaita marashi malasi. Sikia safari ya neno hilo. Lilitoka kwa Waarabu, katika kitenzi cha kunyunyiza, likatua pwani likawa marashi, na chombo cha kunyunyizia maji ya waridi kikawa mrashi. Kisha likafuata njia za misafara hadi ndani kabisa ya bara, likavuka maziwa, likabadilisha sauti mbili, likafika mto Kongo. Biashara ngapi zimekufa katika njia ile? Neno la kunukia limebaki.

Nimewahi kuiona Mpondwe isiyonukia. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa ametoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola katika Hospitali ya Bwera, na akafariki. Upande wa pili ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 2,200 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020. Mpakani tulipanga mstari, tukapimwa joto kipajini, tukanawa kwa maji ya klorini. Harufu ya klorini ilikaa katika mikono, katika noti, katika chapati. Tuliacha kushikana mikono. Nilikutana na rafiki wa ujana wangu, tukasimama hatua mbili mbali, tukapungiana. Wakati ule ndipo nilipofahamu kwamba kila marashi niliyowahi kuyajua ya mwanamume mwingine niliyapata kwa kukumbatiwa au kupewa mkono. Harufu ya mtu ni umbali wake na wewe. Nawashukuru wauguzi waliotulinda kwa klorini ile, na bado nikiisikia moyo unanidunda.

Yaliyobaki mikononi

Nilipotoka kwa kinyozi Jumamosi ile sikwenda nyumbani. Nilichukua boda boda nikapanda kwa mama. Nilimkuta barazani amekaa juu ya mkeka, blanketi limefunguliwa mbele yake, anachambua maganda machache ya vanila anayoyakausha mwenyewe kila msimu badala ya kuyauza yote. Analipitisha kila ganda kati ya vidole viwili, polepole, kulinyoosha na kusikiliza kama lina unyevu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilipoinama kumsalimu alivuta pumzi, akaachia ganda alilolishika.

“Umenyolewa,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Karafuu imezidi kidogo.”

Nikamuuliza chupa iko wapi. Akaonyesha ndani kwa kidevu, juu ya kabati, kana kwamba ingeweza kuwa mahali pengine. Niliingia nikaiteremsha. Jahazi limefutika, limebaki tanga moja. Ndani hamna kitu, ni ganda moja tu la vanila alilolitumbukiza, limejikunja kama uzi wa kiatu. Nilizibua. Sitaweza kuieleza harufu niliyoikuta humo, ila mgodi haukuwamo hata kidogo.

Niliporudi barazani, mjukuu wangu wa kike alikuwa amekuja kujiegemeza kwenye bega la mama. Kazi ilikuwa imekwisha, blanketi limeshakunjwa, na vidole vya mama vilikuwa vinang’aa mafuta meusi. Hakutafuta kitambaa. Alimvuta mtoto karibu, akamfutia kichwani, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto.